Mtazamaji wa kichupa anakaa wapi?

Kabla sijauliza kamera ni ipi na lenzi ni ya ngapi, humuuliza mwimbaji swali moja: anayekitazama kichupa hiki, yaani video ya wimbo wako, ni nani kwako? Shoga yako, mbaya wako, mpenzi wako, au mpita njia aliyechungulia dirishani? Jibu ndilo linaloamua kamera isimame wapi. Lisipokuwepo, mitambo ya bei kubwa haisaidii kitu.

Sisi wa Tanga tumelelewa na taarabu. Hapa ndipo palipokuwa na vikundi vya Black Star na Lucky Star, na hapa ndipo ilipovuma sauti ya Bi Shakila. Hadhira ya taarabu haikai kimya: mwanamke akiguswa na ubeti huinuka, huenda jukwaani akicheza taratibu, akamtunza mwimbaji, na ukumbi mzima unajua ni ubeti gani uliotunzwa na nani amekusudiwa. Mpasho, wimbo wa kumsema mtu, una basi watu watatu: msemaji, msemwa na shahidi. Kichupa cha mpasho lazima kichague mtazamaji awe nani kati ya wawili wa mwisho.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mwimbaji anamwaga maneno makali huku ameikazia macho lenzi. Macho yaliyotazama lenzi humtazama kila aliye mbele ya skrini, kwa hiyo anayetukanwa ni mama aliyekaa sebuleni kwake Ngamiani, mtaa wa hapa Tanga, hana kosa lolote. Dawa yake ni nyepesi. Wakati wa maneno makali, msimamishe mtu kando ya kamera, uso wake uwe sentimita 20 hivi kutoka kwenye lenzi, na mwimbaji amwimbie huyo. Kiitikio kikiingia, ageuke polepole aitazame lenzi na atabasamu. Kule kugeuka kunamfanya mtazamaji shoga yake. Ila mtu huyo asisogezwe mbali mno: mwimbaji akionekana shavu na sikio tu, mtazamaji anakuwa mdukuzi wa maneno ya watu.

Wimbo wa mapenzi hutaka kinyume chake. Macho yabaki kwenye lenzi ubeti mzima, lenzi ya milimita 50, kamera mita moja na nusu kutoka usoni. Lenzi kuu ya simu nyingi ni pana, na ukiisogeza karibu sana pua inavimba. Rudi nyuma kidogo utumie lenzi ya mara 2 kama simu inayo. Na macho lazima yapate mwanga. Saa 6 mchana jua letu liko utosini, mashimo ya macho yanakuwa meusi, na wimbo unapoteza msemaji. Piga kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 10 jioni. Ukilazimika kupiga mchana, ingia kivulini na utandaze shuka jeupe mbele ya mwimbaji, chini ya kifua.

Kimo nacho kinasema. Kamera ikiwa usawa wa macho, mwimbaji na mtazamaji ni sawa. Ikiwa gotini ikitazama juu, mtazamaji ameketishwa chini. Shoti moja ya hivyo kando ya gari inapendeza. Dakika tatu nzima ni dharau. Vivyo hivyo kamera inayompanda mwanamke kutoka miguuni, uso ukija mwisho. Laura Mulvey, mwananadharia wa filamu wa Uingereza, alishaeleza mwaka 1975 jinsi sinema inavyomkabidhi mtazamaji jicho la mwanamume. Kwa wimbo ambao wasikilizaji wake wakubwa ni wanawake, shoti hiyo inawafukuza wenye wimbo wao.

Kwenye kuhariri, fanya hesabu. Wimbo wa mapigo 100 kwa dakika, video ya fremu 25 kwa sekunde: pigo moja ni fremu 15, mapigo manne ni fremu 60. Uso unaobeba maneno mazito nauachia mapigo manane. Singeli ya mapigo 200 ina fremu saba na nusu tu kwa pigo. Ukikata kila pigo hakuna uso utakaoshikika, kwa hiyo kata kila mapigo manane, ambayo ni zile zile fremu 60. Ukitaka mwendo wa taratibu wenye kuimba, rekodi fremu 50 kwa sekunde, wimbo upigwe spikani kwa kasi mara mbili, kisha uchezeshe kwa 25. Midomo ikipishana na sauti kwa fremu tatu, mtazamaji ameshashtuka.

Mahali pa kupigia pia humgawa mtazamaji. Baiskeli itoke katikati ya Ngamiani na mkato unaofuata iwe ufukweni Raskazone: wa Mwanza hatagundua, wa Tanga atacheka. Amua unamwimbia yupi.

Jihadhari zaidi na toleo la wima. Fremu ya 1920 kwa 1080 ukiikata iwe ya 9 kwa 16, upana unaobaki ni pikseli 607 hivi, chini ya theluthi moja. Msemwa aliyesimama pembeni anatoweka, na mwimbaji anaonekana akigombana na ukuta. Mlete mbele, bega lake likiwa na ukungu ndani ya theluthi ya kati, au rudieni ubeti huo mkiwa mmeisimamisha kamera wima.