Kamba, fimbo na wafanyakazi wenza: dhana potofu kuhusu mazoezi ya timu uwanjani

"Tukiwa wengi zaidi, nguvu yetu ni kubwa zaidi"

Jumla huongezeka, lakini mchango wa kila mmoja hupungua. Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, alilipima jambo hili kwa kamba na kuchapisha matokeo mwaka 1913. Watu wanane wakivuta pamoja walitoa chini kidogo ya nusu ya nguvu ambayo ingepatikana kama kila mmoja angetoa uwezo wake wote. Yaani wanane walivuta kama wanne. Sehemu ya tatizo ni kwamba hawavuti kwa wakati mmoja. Sehemu nyingine ni ulegevu: mwaka 1974 watafiti wa Marekani waliwafunga watu macho, wakawapangia nyuma wenzao waliojifanya tu kuvuta. Aliyedhani ana wenzake nyuma alivuta kwa nguvu pungufu kuliko alipojua yuko peke yake.

Kwa hiyo usiwaweke wafanyakazi 60 kwenye zoezi moja. Wagawe katika vikundi vya watu 8 hadi 12, changanya idara, na umpe kila mtu jukumu linaloonekana likikosekana.

"Kuvuta kamba hakuna hatari, hata watoto hucheza"

Hapa tunasisitiza kuliko kwingine kote. Mwaka 1997 mjini Taipei, kamba ilikatika katika shindano la watu zaidi ya elfu moja na wanaume wawili wakakatika mikono. Kamba ya nailoni hunyumbuka kama mpira. Ikikatika, nguvu yote iliyojikusanya ndani yake hurudi kwa mchapo. Tumia kamba nene ya katani iliyotengenezwa kwa mchezo huu. Ya mashindano rasmi ina mzingo wa sentimita 10 hadi 12.5 na huvutwa na watu wanane kila upande. Ikague kwa mkono kutoka ncha hadi ncha; palipofumuka au kuoza panatosha kuikataa yote.

Mtu asizungushe kamba kwenye kiganja, kifundo cha mkono wala kiuno, na kamba isiwe na fundo au kitanzi. Vidole hunaswa hapo, na mshiko ukikaza hakuna wa kuutoa. Kosa jingine la mara kwa mara ni upande mmoja kuachia ghafla kwa mzaha: wa upande wa pili huanguka chali, mmoja juu ya mwingine. Mkubaliane kabla kwamba kamba huachiwa kwa filimbi tu.

"Kujiangusha mikononi mwa wenzako hujenga imani papo hapo"

Imani haiji kwa sekunde mbili. Zoezi lenyewe si baya, ila lifanywe kutoka usawa wa ardhi, si juu ya meza. Mdakaji husimama mguu mmoja mbele, magoti yamekunjwa kidogo, viganja karibu na mabega ya anayeanguka. Saa na pete zinavuliwa. Anayeanguka hukunja mikono kifuani, hukaza mwili kama ubao, huuliza "Tayari?" na husubiri jibu. Makosa mengi huanzia kiunoni: akikunja nyonga, anaketi hewani na uzito wote unashuka chini ya mikono ya mdakaji.

"Bila vifaa vya gharama hakuna cha kujifunza"

Tafuta fimbo nyepesi sana ya mita 3 hivi. Watu kumi wasimame safu mbili wakitazamana, kila mmoja anyooshe vidole vya shahada na fimbo ilale juu yake. Kazi ni kuishusha chini bila kidole chochote kuiachia. Fimbo itapanda! Kila mtu akiogopa kuiachia husukuma juu kidogo, na misukumo midogo ishirini hushinda uzito wa fimbo. Baada ya dakika chache lawama huanza: "Nani anainua?" Wote wanainua. Mwezeshaji asikimbilie kuwaambia. Awaache wasimame, wapange mtu mmoja wa kuhesabu, kisha warudie polepole.

"Asiyeshiriki haipendi timu"

Mgongo, moyo, ujauzito, hofu ya kuguswa: hakuna anayedaiwa kuvieleza mbele ya wenzake. Uliza kwa faragha siku chache kabla. Anayekaa pembeni apewe daftari aandike nani alisikilizwa na nani alikatizwa kauli. Mara nyingi maelezo yake ndiyo yenye faida kubwa siku hiyo.

"Nitakunywa maji nikisikia kiu"

Kwenye joto kiu huchelewa. Kikombe kimoja kila dakika 15 hadi 20, lakini jumla isizidi lita moja na nusu kwa saa. Mkisikia ngurumo, ingieni ndani na msirudi uwanjani hadi dakika 30 zipite tangu ya mwisho.

"Mchezo ukiisha, kazi imeisha"

Zoezi la dakika 30 linahitaji mazungumzo ya dakika 15 hadi 20, papo hapo, kwenye kivuli. Maswali matatu yanatosha: nini kilitokea, kwa nini, na kazini tutabadilisha nini. Bosi aseme mwisho, kwa sababu akitangulia wengine watarudia maneno yake. Jibu la swali la tatu liandikwe pamoja na jina la mhusika na tarehe, kisha lifunguliwe kwenye kikao cha kwanza baada ya kurudi ofisini.