Kilomita 30 kwa Saa, Kutoka Wapi?

Katika utabiri wa hali ya hewa ya baharini kuna sentensi ambayo wasikilizaji wa pwani wameizoea: upepo unatarajiwa kuvuma kutoka kusini mashariki kwa kasi ya kilomita 30 kwa saa. Sisi tunaoandaa taarifa hizo tumeona kwamba wengi hushika namba na kuuacha upande, kana kwamba maneno ya mwanzo ni mapambo. Kilomita 30 kwa saa peke yake ni kasi. Kilomita 30 kwa saa kutoka kusini mashariki ni velositi, ambayo wengine huiita kasimwelekeo, na ndiyo anayoihitaji nahodha.

Kasi hupatikana kwa kugawa urefu wa njia yote iliyopitwa kwa muda uliotumika. Velositi hupatikana kwa kugawa badiliko la mahali kwa muda huo, yaani mstari ulionyooka kutoka chombo kilipoanzia hadi kilipoishia, pamoja na upande wake. Ndiyo maana mashua iliyotoka alfajiri kwenda kuvua na jioni ikarudi pale pale ilipofungwa ina kasi ya wastani, na mafuta yaliyoungua ni ushahidi, lakini velositi yake ya wastani kwa siku nzima ni sifuri. Daladala nayo inayozunguka kipilefti mshale wa dashibodi ukiwa umetulia kwenye 30 haijabadili kasi, ila velositi yake inabadilika kila sekunde, na abiria aliyesimama anajua hivyo kwa jinsi anavyolaliwa na jirani.

Baharini jambo hili lina gharama. Wete, mji wa kisiwa cha Pemba, iko karibu mashariki kamili ya Tanga, umbali unaokaribia kilomita 70. Tuchukulie mashua ya injini inayokata maji kwa kilomita 12 kwa saa, omo, yaani sehemu yake ya mbele, imeelekezwa mashariki na haigeuzwi, huku mkondo ukiisukuma kaskazini kwa kilomita 5 kwa saa. Namba hizi hazijumlishwi kama bei za sokoni zikapatikana 17. Zinasimama kama pande mbili za pembetatu zinazokutana kwa nyuzi 90, na upande wa tatu, ulio mrefu zaidi, ni 13. Chombo kinakwenda kilomita 13 kwa saa, zaidi ya uwezo wa injini yake, na anayetazama kasi tu angefurahi. Lakini njia yake imepinda nyuzi 23 hivi kuelekea kaskazini, na baada ya saa tano na ushei, atakapokuwa amekwenda mashariki vya kutosha, nahodha atajikuta zaidi ya kilomita 25 kaskazini ya Wete, nje ya Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini ya Pemba, kisiwa kizima cha Pemba kikiwa kimebaki kusini.

Ili afike, lazima aielekeze omo kusini ya anakokwenda, kwa mfano huu nyuzi 25 hivi, ili sehemu ya velositi ya injini iufute mkondo. Kinachobaki ni kilomita 10.9 kwa saa, mashariki kamili. Kasi imepungua na safari imezidi saa sita, lakini anashuka Wete.

Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima. Kusi, upepo wa kutoka kusini, huuongezea nguvu, kwa kuwa husukuma upande uleule. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, hata ikivuma kwa kilomita zilezile 30, hukabiliana nao, na mawimbi huwa mafupi na yenye kuinuka wima, ambayo mashua ndogo huyapata kwa taabu.

Hapa wanafunzi wengi hukosea, na si kosa lao tu. Upepo hutajwa kwa upande unakotoka, ilhali mkondo hutajwa kwa upande unakokwenda, na mshale wa velositi siku zote huchorwa kuelekea kitu kinakokwenda. Kwa hiyo anayechora mchoro wake huku akisikiliza redio anapaswa kuugeuza mshale wa upepo, na ule wa mkondo auache ulivyo.