Je, wajua kwa nini laptopu ya zamani hugeuka kioo cha bluu na kujizima?

Msimu wa korosho ukianza hapa Masasi, mezani pangu panajaa laptopu za makarani wa AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima. Kilio ni kilekile: "Fundi, Excel imeharibika. Naandika kilo za wakulima, mara kioo kinageuka bluu, mashine inajizima na kujiwasha."

Mara nyingi Excel haina kosa. Programu ya kawaida imezungushiwa uzio. Ikikosea hufungwa yenyewe, Windows ikaendelea. Draiva ni kitu kingine. Hiki ni kiprogramu kinachoiwezesha Windows kuongea na kifaa, iwe modemu, Wi-Fi au kadi ya picha, na draiva nyingi za aina hii hukaa ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo, ambako hakuna uzio. Moja ikiandika mahali pa mwenzake kwenye kumbukumbu, yote yanaweza kuvurugika. Windows ikigundua hilo, huisimamisha mashine nzima kwa makusudi ili mafaili yasiharibike. Kioo cha bluu ni breki.

Laptopu za zamani huumia zaidi. Nyingi zilikuja na Windows 7 ya mwaka 2009, baadaye zikawekewa Windows 10 ya 2015, na kwa baadhi ya modeli mtengenezaji hakutoa draiva mpya. Halafu karani hufuata mtandao wenye nguvu: leo modemu hii, kesho ile. Kila moja huacha draiva yake ndani, na kuichomoa hakuiondoi.

Nawasihi, msikimbilie kupiga Windows upya. Ukichomeka modemu zilezile, draiva zilezile zinarudi. Nakili kwanza faili la kilo za wakulima kwenye flashi. Kioo kikigeuka bluu kipige picha kwa simu; wakati mwingine hutaja faili linaloishia na .sys, na huyo ndiye mshukiwa wa kwanza. Kisha shikilia Shift huku ukibonyeza Restart, uingie Safe Mode, ambako hupakiwa draiva za lazima tu. Mashine ikitulia huko, dalili zinaelekea kwenye draiva.

Fungua Device Manager, orodha ya vifaa vya mashine ndani ya Windows, nenda View, chagua Show hidden devices. Modemu ulizozisahau zitajitokeza kwa alama zilizofifia. Zifute, ondoa na programu zake, ubakize ya modemu unayotumia. Na kama balaa lilianza baada ya draiva ya kadi ya picha kusasishwa, kitufe cha Roll Back Driver kinairudisha ile ya awali.