Je, wajua kwa nini keekee haitoboi tundu la duara kamili?

Pistoni ya injini ya boti ikikwangua silinda, fundi wa Tanga hashiki keekee (drili). Anafungua bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, na kuipeleka kwa mwenye mashine ya kubori. Zote mbili hukata matundu kwenye chuma, ila keekee hutoboa tu. Kusahihisha haiwezi.

Tazama ncha ya biti yake, yaani kile chuma kinachozunguka na kutoboa. Ina makali mawili, nayo hujitafutia njia yenyewe ndani ya chuma. Ikikuta sehemu ngumu, au ukali mmoja ukiwa mrefu kidogo kuliko mwenzake, biti hupinda na kufuata upande ulio rahisi. Tundu hutoka limehama, limepanuka, na mara nyingi lina pembe tatu butu zisizoonekana kwa macho. Pembe hizo ni hatari kwa sababu hujificha: kipimo kinachogusa pande mbili zinazotazamana kinaweza kusoma ukubwa uleule kila ukikigeuza, ukaamini umepata duara.

Mashine ya kubori hukuta tundu limeshakuwepo, ikalipanua kwa kisu kidogo kilichofungwa kwenye mtaimbo mnene. Kisu hakifuati tundu la zamani, kinafuata mhimili wa mashine. Palipolika hakigusi kitu, palipotokeza kinakula sana, hadi ukuta wote uwe umbali mmoja kutoka katikati. Ndivyo silinda iliyolika umbo la yai, hasa kule juu pistoni inapogeukia, inavyorudi kuwa duara.

Jambo hili lilimchelewesha sana James Watt. Alipata hataza ya injini yake ya mvuke mwaka 1769 huko Uingereza, lakini silinda zake zilivuja. Mashine za wakati ule zilikuwa na kichwa cha visu kilichotambaa juu ya ukuta wa silinda yenyewe, hivyo kila kosa la kalibu, yaani umbo la kumiminia chuma, lilirithiwa. Mwaka 1775 John Wilkinson, mtengenezaji wa mizinga, alipitisha mtaimbo mzito katikati ya silinda na kuushikilia ncha zote mbili. Mwaka uliofuata Matthew Boulton, mshirika wa Watt, aliandika kwamba silinda ya upana wa inchi 50 haikukosea popote hata kwa unene wa shilingi ya zamani. Naona Wilkinson hajapewa haki yake. Watoto shuleni wanamjua Watt, ilhali bila mtaimbo ule, reli iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893 ingelisubiri sana garimoshi lake.

Kwa nini ncha zote mbili? Mtaimbo ulioshikwa upande mmoja tu, ukirefushwa mara mbili, hupinda mara 8 kwa nguvu ileile ya kisu. Kwa hiyo fundi akikwambia tundu lako ni refu mno kwa mtaimbo alionao, msikilize. Mtaimbo wa chuma cha pua ukichomoza zaidi ya mara 4 hivi ya unene wake, kisu huanza kutetema na kuacha mawimbi ukutani.

Halafu kuna joto. Tundu la milimita 100 kwenye bloku ya chuma, likiwa na joto la nyuzi 20 zaidi ya kifaa cha kupimia, linakuwa limetanuka kama milimita 0.02. Bloku ya alumini hutanuka zaidi ya mara mbili ya hapo. Nafasi kati ya pistoni na silinda huhesabiwa kwa sehemu chache tu za mia za milimita, kwa hiyo bloku iliyotoka kukatwa huachwa ipoe kwanza ndipo ipimwe.

Kisu hakimalizi kazi. Huacha unene mdogo sana, nao huondolewa kwa mawe ya kunolea yanayozunguka huku yakipanda na kushuka, yakichora mistari inayokatana ili oili ipate pa kushika. Na kwa kuwa silinda itapanuka, pistoni mpya kubwa zaidi zinunuliwe kabla ya kubori. Ukiambiwa ni saizi ya 0.50, yaani imezidi ya awali kwa nusu milimita, bado fundi ataipima kila moja mkononi mwake, kisha aikate silinda kuifuata.