Kilomita 42.195 hazikutoka Marathon

Wengi wetu tumefundishwa kwamba marathoni ina urefu wa kilomita 42.195 kwa sababu ndio umbali aliokimbia tarishi Pheidippides mwaka 490 K.K., kutoka Marathon hadi Athens, akatangaza ushindi kisha akaanguka na kufa. Sivyo. Herodotus, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale aliyeandika habari za vita vya Waathene na Waajemi huko Marathon miongo kadhaa baadaye, anamtaja tarishi huyo akikimbia kwenda Sparta kuomba msaada, tena kabla ya mapigano. Kisa cha kifo chake kilizuka karne nyingi baadaye.

Mbio zenyewe zilipendekezwa na Mfaransa Michel Bréal kwa ajili ya Olimpiki ya Athens ya mwaka 1896, nazo zilikuwa za takriban kilomita 40. Spyridon Louis, mchukuzi wa maji kutoka Marousi, aliingia wa kwanza katika uwanja wa marumaru, na wana wawili wa mfalme wakakimbia sambamba naye hadi mwisho, tukio zuri lisilohitaji kutiwa chumvi. Umbali tuujuao leo ulipimwa London mwaka 1908, kutoka Kasri la Windsor hadi mbele ya jukwaa la kifalme uwanjani, na ukafanywa rasmi mwaka 1921. Ndio ambao Kelvin Kiptum wa Kenya aliukimbia Chicago mwaka 2023 kwa saa 2 na sekunde 35.