Je, mtoto wa mwanajeshi ana nafasi yake jeshini?

Ujumbe huu huzuka kwenye makundi ya WhatsApp kila msimu wa usajili wa makurutu Kenya: eti watoto wa wanajeshi wametengewa nafasi, tuma namba ya kazi ya mzazi na "ada ya faili".

Si kweli. Tangazo la usajili hutolewa hadharani, likitaja uraia, umri, kiwango cha elimu na kituo cha kila eneo. Hapo uwanjani wote hukimbia na kupimwa afya, na usajili ni bure. Ukitaka kuhakikisha, soma tangazo lenyewe gazetini au kwenye tovuti rasmi, si picha yake iliyokatwa nusu.

Mkanganyiko una chanzo. Waliokulia kambini wengi huufuata mkondo wa mzazi, na majirani hudhani wamebebwa. Lakini mtoto aliyeamka kwa tarumbeta na kuzoea kuhamahama haogopi maisha hayo, tena husikia mapema nini kinatakiwa. Hiyo ni faida kweli, ila haiuzwi kwa simu.

Ukiupokea ujumbe huo, usiusambaze, mwambie aliyeutuma, kwa upole, kabla hajatuma pesa.