Ujiji ilivyogeuzwa kuwa pembezoni mwa Kigoma

Ukipanda daladala Kigoma mjini ukapita Mwanga ukashukia Ujiji, utaambiwa umetoka mjini unaenda nje ya mji. Ukihesabu miaka ni kinyume kabisa. Mimi kazi yangu ni mipango miji, mambo ya mipaka na halmashauri za zamani ndo chakula changu, kwa hiyo leo naeleza hii kitu ilivyokwenda, maana wengi wanadhani Ujiji ilikuwa kijiji cha wavuvi afu Kigoma ikakua ikakimeza.

Hapana jamani. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Ziwa Tanganyika Februari 1858 walifikia Ujiji, na Stanley alipomtafuta Livingstone mwaka 1871 alimkuta Ujiji. Kulikuwa na soko kubwa, chumvi toka Uvinza, mawese, samaki, pembe za ndovu, na watumwa pia, tusifiche, waliovushwa toka Manyema, ng'ambo ya ziwa huko Kongo. Na utawala ulikuwepo, tena wa pande mbili: Waha wa Bujiji walikuwa na mwami, yaani chifu wao, pamoja na wateko wanaosimamia mambo ya ardhi, na Waswahili na Waarabu walikuwa na mkubwa wao Mwinyi Kheri, ambaye Sultani Barghash wa Zanzibar alimtambua kama mwakilishi wake mwanzoni mwa miaka ya 1880. Kigoma kipindi hicho ni ghuba tu.

Sasa kilichogeuza mambo ni nini? Kila mtu atakwambia reli. Sawa, lakini kabla ya reli kulikuwa na maji. Kwenye miaka ya 1870 ziwa lilijaa mpaka likatoboa njia upande wa Kongo kupitia mto Lukuga, na baada ya hapo kina kikaanza kushuka mwaka hadi mwaka, kwa mita kadhaa. Ufukwe wa Ujiji ni tambarare, maji yakishuka kidogo tu yanakimbia mbali, ndo maana leo ukisimama kwenye mnara wa Livingstone ziwa liko mbali kiasi kwamba mgeni anashangaa mitumbwi ilikuwa inaegeshwa wapi. Ghuba ya Kigoma ina kina, imejikinga na upepo. Wajerumani walijenga kituo chao Ujiji mwaka 1896, lakini walipofikiria meli kubwa na mwisho wa reli macho yakahamia Kigoma. Reli iliyoanzia Dar es Salaam 1905 ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na mwaka uliofuata meli ya Goetzen, ambayo ndo Liemba yetu hiihii, ikashushwa majini palepale Kigoma. Ofisi zikaifuata reli. Watu hawakuzifuata, walibaki Ujiji.

Afu ikaja vita. Wabelgiji wakaiteka Kigoma na Ujiji Julai 1916 wakakaa mpaka Machi 1921, na hata walipowaachia Waingereza hawakuondoka na mikono mitupu, kwa mkataba wa 1921 walibaki na eneo lao bandarini Kigoma, na lingine Dar es Salaam, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Faranga moja! Ndo bei ya bandari ikipangwa na watu wasioishi hapo.

Hapa ndo penye utamu kwa mtu wa kazi yangu. Waingereza walikuwa na sheria mbili za kutawala sehemu. Moja ni Sheria ya Miji ya 1920, iliyounda mamlaka ya mji. Usidhani ni halmashauri kama ya leo yenye madiwani wa kupigiwa kura. Wajumbe waliteuliwa, mwenyekiti kwa kawaida ni Bwana Shauri mwenyewe, yaani mkuu wa wilaya wa kikoloni, pembeni yake daktari wa serikali, injinia, na wafanyabiashara Wazungu na Wahindi, Mwafrika akaanza kuonekana kwenye vikao vya namna hii kwa kuchelewa sana. Tena haikuwa na mfuko wake, hela ya kuzoa taka na kuchonga barabara ilitoka serikali kuu.

Nyingine ni ya mamlaka za wenyeji, ile aliyoipitisha Gavana Cameron mwaka 1926. Hii ilitaka kabila, ilitaka chifu, na chifu akipatikana anapewa baraza la kesi na hazina. Kwa hiyo, na hapa mimi huwa nacheka, mwami wa milimani huko anaweza kuwa na hazina yake wakati mji wenye gati na stesheni hauna hata kasha la hela.

Ujiji iwekwe wapi? Wamanyema, watu wenye asili ya Kongo, hawakuwa na mwami hapa, Waswahili hawakuwa na kabila linaloingia kwenye fomu ya Mwingereza, na kuna Waha, Waarabu na Wahindi wote humohumo. Kwa mawazo ya kikoloni ilikuwa ya Kiafrika mno kuhesabika mji wa maana, na imechanganyika mno kuwa himaya ya chifu. Jibu la Mwingereza kwa miji ya namna hii lilikuwa liwali, cheo cha zamani kilichogeuzwa kuwa cha mwajiriwa wa serikali, anasikiliza kesi ndogo na kusaidia kodi, ila kupanga mji hapangi yeye.

Matokeo unayatembelea kwa miguu. Miji ilikatwa uzunguni, uhindini na uswahilini, na Sheria ya Ardhi ya 1923 iliruhusu hati mpaka miaka 99, lakini hati ndefu zilikwenda huko kulikopimwa, uswahilini mtu alikaa kwa kibali kifupi au kwa neno la wazee tu. Ujiji ukiitazama kwa jicho hilo yote ilikuwa uswahilini. Wanaosema vichochoro vyake ni vya watu wasiojua kupanga mimi siwaelewi, mji ulipangwa na wenyewe kabla mpimaji hajaja, aliyekuja baadaye ndo hakujisumbua.

Uchifu ulifutwa 1963, halmashauri zikavunjwa 1972 kwa Madaraka Mikoani, mpango wa kuhamishia kazi zake kwa maofisa wa serikali wa mikoa na wilaya, za miji zikaanza kurudi 1978 na zilizobaki 1984, na leo jina linabeba miji yote miwili, Kigoma/Ujiji, kwenye bango moja. Karatasi za zamani lakini hazikuunganishwa. Kwa hiyo ukiwa na mgogoro wa kiwanja cha babu huko Ujiji, kabla hujalipa wakili mtafute mtu akuangalizie kiwanja kilikuwa ndani au nje ya mpaka wa zamani wa mamlaka ya mji, hapo ndo utajua kama utafute risiti na vibali au mashahidi wa mtaani.